Fungu la Upweke

Walisema ni presha. Msoma wasifu, kijana mwenye tai nyekundu, alipofika mahali pa chanzo cha kifo alipunguza sauti, akasema marehemu Daktari Alfonsi alisumbuliwa na presha mpaka mauti yalipomfika, na watu wote chini ya turubai wakaguna ule mguno wa kuridhika, kwamba haya, sasa tumejua. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya nyuma na khanga yangu kichwani, nimetoka Dodoma kwa basi siku nzima, kiuno kinaniwaka moto, na nilitamani nisimame niulize: presha peke yake? Na uzee je? Na kufiwa na mke, akabaki anakula kiporo mbele ya redio? Na ukaidi wake wa kukataa kwenda kulazwa? Nani aliyagawa mafungu haya mpaka presha ikapewa yote? Lakini mtu hasimami msibani kuuliza hivyo, watasema mwanamke wa Kitanga kaja na maneno yake. Nikaingia kwenye foleni ya kuaga mwili kama wenzangu. Ila yeye mwenyewe angekuwa hai angenielewa, maana mwaka mmoja tuligombana mimi naye juu ya swali hilohilo, hapahapa Songea, na ugomvi wenyewe ulihusu roho ya mtu.

Nilipangiwa Songea nikiwa msichana wa miaka ishirini na kitu, cheti cha takwimu bado kinanukia wino. Nilikotoka na walionizaa hayahusu hapa, kila mtu kazaliwa mahali. Nilipanga chumba kimoja uani kwa Mama Festo, mtaa wa Mfaranyaki, sakafu ya saruji, dirisha la mbao lisilofunga vizuri, na misumari nyuma ya mlango ndiyo kabati langu. Jamani, baridi! Mimi mtoto wa pwani nilidhani baridi ni ile ya maji ya mtungi. Ulipoingia mwezi wa sita nikawa nalala na soksi na sweta, na khanga zangu zote juu ya blanketi, na asubuhi nikifungua mdomo unatoka moshi. Ukuta wangu ulipakana na sebule yao, kwa hiyo kila jioni niliwasikia: rozari kwanza, kisha sahani, kisha kicheko, kisha mtoto mmoja anakemewa kwa kuficha daftari la hesabu. Nilijua nani kanuna na nani kafeli, na wao hawakujua hata kama nina dada. Mama Festo hakuwa na baya, mwenyewe Mngoni mpole, mnene, mwenye sauti ndogo. Jumapili wakipika kitimoto alinijia mapema mlangoni, "Dada Rukia, leo usiguse sufuria zetu." Siku nyingine aliniletea mbasa wa kukaanga kutoka Ziwa Nyasa na ugali mweupe unaofuka, akaweka sahani mlangoni na kuondoka mbio, kwa sababu aliwahi kuambiwa kwamba Waislamu hawapendi kutazamwa wakila. Aliyemwambia hivyo simjui, na mimi sikuwa na uso wa kumsahihisha. Nikawa nakula wale mbasa peke yangu, nimeukabili ukuta, nasikiliza wenzangu wakigombania minofu upande wa pili. Mara moja nilimsikia akimwambia jirani uani, "Mpangaji wangu hana shida, anaongeaga na redio tu." Nikacheka, halafu nikaona hakuna cha kucheka.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mradi wetu, uliokufa zamani na sina haja ya kuutaja, ulitaka akina mama wa vijijini wasijifungulie nyumbani, maana wengi walikuwa wakipotea huko, wao na watoto wao. Mama mjamzito akienda kliniki, nesi anamjazia dodoso: unatoka wapi, umezaa mara ngapi na umezika wangapi, unaishi na nani. Majibu yananijia mimi, nayaingiza kwenye kompyuta, na ndani ya kompyuta kuna modeli, yaani hesabu iliyojifunza kwa akina mama waliotangulia. Swali lake ni la ndiyo au hapana: huyu atajifungulia nyumbani? Ila modeli haijibu ndiyo wala hapana, inatoa uwezekano. Mama wa kawaida, mwenye watu wake na hospitali jirani, inampa kumi kwa mia. Mwingine inampa themanini, mwingine tisini. Daktari Alfonsi, mkuu wetu, hakutaka namba tupu. "Namba haipandi gari," alikuwa akisema. Alitaka uwezekano wa kila mama ugawanywe kwa sababu zake, tujue umbali umeleta kiasi gani, uzazi uliopita kiasi gani, kuishi peke yake kiasi gani, na sababu yenye fungu kubwa ndiyo iamue msaada. Ikiwa umbali, gari la mradi linamfuata na kumleta kwenye nyumba ya kusubiria kujifungua, ubavuni mwa hospitali. Ikiwa ni upweke, anatafutiwa mtu wa kukaa naye. Gari lilichakaa kwa safari mwaka ule, na hakuna mama hata mmoja aliyetafutiwa mtu.

Namna ya kugawa niliikuta, na mwanzoni niliiona safi. Unaanza na yule mama wa kawaida. Unampa umbali, unatazama namba imepanda kiasi gani, hilo ndilo fungu la umbali. Unamwongezea uzazi uliopita, unaandika kilichoongezeka. Mwisho unamwongezea upweke. Ukijumlisha mafungu yote na zile kumi za kuanzia unapata uwezekano wake kamili, hakuna kilichobaki wala kuzidi, na mimi mtu wa hesabu nilipenda hilo. Lakini uwezekano haupandi kama ngazi za nyumba, hatua sawa kwa sawa. Chini ni mzito, katikati ni mwepesi, na ukikaribia mia unakuwa mzito tena, maana mia ndiyo dari. Sababu inayohesabiwa mapema inakuta nafasi tele ya kupandia. Inayohesabiwa mwisho inakuta kichwa kinagonga dari, inapewa makombo. Na nani alipanga nani atangulie? Hakuna aliyepanga! Umbali ulitangulia kwa sababu ulikuwa swali la kwanza kwenye dodoso, na ulikuwa la kwanza kwa sababu ya adabu tu. Huku mgeni huulizwa atokako kabla hujamuuliza lolote, na nesi gani ataanza na "Mama, una mtu?" Swali hilo linauma, kwa hiyo liliwekwa mwishoni kabisa, watu wakishazoeana. Kwa adabu hiyo, umbali ukawa unakula fungu la kila mtu.

Jina la Zaituni lilinijia mwezi wa kumi. Alikuwa Myao wa Nalasi, Tunduru, aliyeolewa na Mngoni Mkristo kwa ugomvi na kwao, akahamia naye kijiji cha chini huko karibu na mpaka wa Msumbiji. Mume akavuka mpaka kutafuta kazi, akanyamaza. Akabaki yeye na tumbo, la tatu, wawili waliotangulia amewazika, wote alizalia nyumbani. Daktari wa wazazi alikuwa amesema wazi kwamba nyonga yake ni nyembamba, na safari hii akizalia nyumbani tusitegemee kumwona yeye wala mtoto. Modeli ilimpa tisini na saba kwa mia. Nikagawa kama nilivyofundishwa: umbali arobaini, uzazi uliopita thelathini, upweke kumi na saba. Basi gari likamfuata. Akaja, akakaa siku chache kwenye nyumba ya kusubiria, akadandia lori la mahindi akarudi kwake. Gari likamfuata tena. Pembeni ya jina lake Daktari Alfonsi akaandika kwa kalamu nyekundu: mkaidi. Akatutangazia kwamba akitoroka mara hii hafuatwi tena, kuna akina mama wanaolililia gari hilo.

Sijui nini kilinipeleka kumwona. Labda ni jina lake tu, jina la kwetu, nilikuwa sijalisikia muda mrefu. Nyumba ya kusubiria ilikuwa chumba kirefu chenye vitanda pande mbili, na nje yake banda la jiko lenye mafiga. Nilifika saa za chakula cha mchana, moshi umejaa, na kila mama mjamzito alikuwa na wake: huyu mama yake anakoroga maharage, huyu wifi anachambua mboga, huyu shangazi anasonga ugali huku akimsema mkwewe. Hospitali haikutoa chakula, na kwa desturi ya pale mwanamke anayesubiri kujifungua hasogei jikoni. Ukionekana unajipikia na tumbo lako hilo, umewatangazia watu kwamba umetupwa. Nilisimama mlangoni nikapepesa macho kwa moshi, nikawasikia. "Yule wa Tunduru hana mtu." "Kabisa?" "Kabisa, hata wa kumchotea maji." "Basi kuna alichofanya. Mtu hakosi watu hivihivi." Zaituni alikuwa ndani, kitanda cha mwisho, amejifunika kitenge mpaka mabegani, anatafuna muhogo mkavu taratibu ili usilie kinywani. Nikamwambia asalaam aleikum. Aligeuka haraka, mpaka nikaogopa kwa ajili ya tumbo. "Waaleikum salaam, dada. Wewe wa wapi?" Nikamwambia wa Tanga. "Ukaja huku kufanya nini?" Nikamwambia kuhesabu watu, akacheka kwanza, halafu akaniuliza kama na yeye nimemhesabu. Nikamuuliza kwa nini anatoroka, safari ndiyo inamchosha? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama jua linawaka. "Safari gani, dada, nimepanda gari, nimekaa mbele na dereva. Nyumbani niko peke yangu na kuku wangu, hakuna anayeniona. Hapa niko peke yangu mbele za watu." Siku mbili baadaye kitanda kilikuwa kitupu.

Nilirudi ofisini nikafunga mlango, nikafanya jambo la kipuuzi ambalo sijui kwa nini hatukulifanya toka mwanzo. Niligeuza mpangilio. Nikaanza na upweke, nikamaliza na umbali. Upweke ukapata arobaini, umbali kumi na saba. Mama yuleyule, modeli ileile, tisini na saba ileile! Nikajaribu kila mpangilio unaowezekana, nani atangulie, nani afuate, nikachukua wastani, na umbali na upweke wakatoka sawasawa, kichwa kwa kichwa. Walikuwa sawa siku zote, ila mmoja alikuwa anaingia mlangoni kabla ya mwenzake. Nilikaa pale nikiitazama ile namba, na nitasema kweli, sikumuwaza Zaituni kwanza. Niliwaza kile chumba cha Mfaranyaki. Niliwaza kwamba mtu akiniuliza kwa nini nimekonda nasema baridi, na kwamba baridi ndiyo neno la kwanza linalonijia mdomoni.

"Shikamoo, Daktari." "Marahaba. Umekuja na sura ya vita." Alikuwa na kikombe chake cha chai mezani, kikubwa cha bati, na mimi sikuwa na muda wa kuzunguka. Nikamuuliza ameweka vijiko vingapi vya sukari. "Vinne, na mke wangu asijue." Nikamuuliza ni kipi kati ya vinne kilichoifanya tamu. "Swali gani hilo? Vyote." "Basi kwa nini Zaituni tumempa kijiko kimoja, tukasema vingine si sukari?" Nikamwekea karatasi mbele, nikamwonyesha mpangilio huu na ule. Hakuwa mjinga, alielewa kabla sijamaliza, na hapo ndipo tulipogombana kweli. "Binti, nimekuelewa," akasema. "Lakini gari ninalo, na dereva ninaye. Mtu wa kukaa na mgonjwa sina, hajawahi kuwepo, tuliandika tu ili fomu ipendeze. Ukiniletea sababu nisiyo na dawa yake, umenisaidia nini?" Nikamwambia sababu haipungui kwa kuwa dawa imekosekana, na nilisema kwa sauti ambayo msichana wa umri wangu hakupaswa kuitumia mbele ya mtu mzima. "Unanifokea, Rukia?" "Nakuomba, Daktari. Atakufa. Tutaandika mkaidi halafu atakufa." Akakoroga chai iliyokuwa imekwisha kukorogwa. Nje walikuwa wanaosha gari. "Kwenye ofisi hii nitampeleka nani?" akasema mwishowe, kwa sauti ya chini sasa. Nikamwambia nina likizo yangu. "Hiyo si ya kwenda kwenu kwa Ramadhani na Idi?" Nikamwambia kwetu wataila Idi hata bila mimi. Hakunitazama. Alimwita dereva dirishani, akamwambia kesho alfajiri ajaze mafuta, anampeleka dada Rukia huko chini mpakani.

Tulimkuta Zaituni uani kwake anaanua mahindi. Hakutaka. Alimwambia dereva gari hilo analijua mpaka harufu yake na hapandi tena. Nikashuka na godoro langu la sponji na sufuria zangu mbili, nikazionyesha. "Sikuja kukuchukua," nikamwambia, "nimekuja kukaa na wewe. Kama hutaki tukae kule, tutakaa hapa, lakini mimi sijui kuzalisha, nitapiga kelele tu." Alitazama sufuria, akatazama godoro, akakaa chini kwenye kizingiti akalia kwa muda mrefu, na dereva akaenda kujifanya anakagua tairi. Kisha akaingia ndani kufunga nguo.

Tulikaa kwenye nyumba ya kusubiria mwezi mtukufu karibu wote. Nililala chini kando ya kitanda chake. Asubuhi nilichota maji, mchana nilipika kwenye mafiga pamoja na wale mama na mawifi, macho mekundu kwa moshi, nimefunga na naonja chumvi kwa ncha ya ulimi kisha natema. Siku ya kwanza walininyamazia. Siku ya pili mmoja, bibi wa Kimatengo aliyekuja na binti yake, akauliza, "Wewe nani wake?" Nikasema dada yake. "Hamfanani." "Baba mmoja, mama mbalimbali," nikajibu, na Mungu anisamehe uongo wa mchana wa Ramadhani. "Aaa," akasema, na akanisukumia kuni zake. Toka siku hiyo nikawa mtu wa jikoni. Wakanicheka uji wangu, wakasema Watanga wanapika uji wa kuoshea vyombo, wakanifundisha kupika kisamvu kwa karanga, maana nazi zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Zaituni hakuwa anafunga, hali yake haikuruhusu, lakini hakula chakula cha jioni mpaka jua lizame. Alikaa kitandani na sahani mapajani akinisubiri, na mwadhini wa msikiti wa mjini akisikika kwa mbali, yeye ananiambia, "Haya, dada, tufungue." Tufungue! Na yeye amekunywa uji saa nne. Mwaka ule wote sikuwa nimekula na mtu macho kwa macho. Nilikuwa na furaha pale, nasema bila kuficha, furaha ya mtoto mdogo, na nilikuwa naiogopa, kwa sababu ilikuwa na mwisho na mwisho wenyewe ulikuwa ndani ya tumbo la mtu.

Uchungu ulimshika asubuhi ya mvua kubwa, bati linapigwa mpaka husikii mwenzako. Wakamchukua. Mchana nesi alitoka mlango wa chumba cha upasuaji, aproni ina damu, akaita, "Ndugu wa Zaituni nani?" Nikasimama. "Tumempasua, anapoteza damu, ya akiba imekwisha. Ndugu wachangie. Mko wangapi?" Nikamwambia niko mimi. "Mmoja hatoshi. Na wewe umefunga?" "Nafungua sasa hivi." Nikanywa chai ya mtu, sijui ya nani, kwa mikupuo miwili, nikanyosha mkono. Nilipotoka nakuta yule bibi wa Kimatengo amemshika mkwewe kwa mkono wa shati, jitu zima refu kuliko mlango, anamsukuma mbele. "Nenda ukatoe. Dada yake ni mwenzangu wa jikoni." Nyuma yake alikuwepo mwingine, na mwingine tena, waume na kaka wa wale wanawake walionong'ona kwamba kuna alichofanya. Saa za alasiri mvua ilikatika, tukasikia mtoto analia, na baada ya muda ambao sitaki hata kuukumbuka nesi akatuambia mama naye ameamka, anaulizia kama nimefuturu. Alizaa msichana. Hakumpa jina langu, alimpa la bibi yake wa Nalasi, na ndivyo inavyotakiwa.

Daktari Alfonsi alikuja kumwona siku ya pili na mfuko wa machungwa. Alisimama miguuni mwa kitanda akaniambia, nusu utani, "Haya mtakwimu, gawa. Gari ngapi, daktari ngapi, damu ngapi, wewe ngapi?" Nilijaribu, wallahi, nilijaribu kwa kalamu. Ondoa gari, hafiki. Ondoa daktari, amekufa. Ondoa damu, amekufa. Niondoe mimi, hakai, na hao watu wa damu hawajui hata jina lake. Kila mmoja ukimwondoa anaondoka na mtoto mzima, kwa hiyo kila mmoja anadai mia kwa mia, na mia ni moja tu. Leo Dodoma vijana ninaowafundisha wanapanga mipangilio yote kwa kufumba na kufumbua, kompyuta inawatolea wastani kwa michoro ya rangi, nami nawaambia vizuri, huo ndio mgao wa haki, utumieni. Lakini nawaambia pia wasije wakafikiri mambo yalitokea kwa mafungu. Wanaandika, sina hakika wanaelewa. Daktari alielewa. Mwezi uliofuata aliamuru mafungu ya akina mama wote yagawanywe upya, na akaenda mwenyewe kwa masheikh na kwa akina mama wa jumuiya kuomba watu wa zamu wa kukaa na wajawazito wasio na mtu, yeye ambaye hakupenda kuomba chochote kwa yeyote. Hayo msomaji wa wasifu hakuyasoma.

Zaituni alikaa arobaini yake chumbani kwangu, Mfaranyaki. Chumba kikajaa nepi na harufu ya maziwa. Mama Festo, ambaye hakuwahi kuvuka kizingiti, akawa anaingia bila hodi kumwogesha mtoto, anaketi kitandani kwangu, anakula nasi huku akitazama kila tonge tunalomeza. Daktari alikuwa amepeleka salamu Tunduru, na arobaini ilipotimia kaka yake Zaituni akatokea, mtu mzima mwenye kofia ya mkono, mkali kwa nje, aliyemwona mpwa wake akageukia ukuta kufuta uso. Ugomvi wa zamani haukutajwa. Nikawasindikiza stendi. Landrova ya Tunduru ilikuwa imeshonwa magunia mpaka juu, na Zaituni alinipa mtoto nimbebe mpaka dakika ya mwisho. "Dada," akasema, "sasa wewe unakaa na nani?" Nikamwambia si unajua, kwa Mama Festo. "Hapo unapanga. Nimekuuliza unakaa na nani." Nikacheka cheko la kukwepa. Kaka yake akadakia, "Njoo Nalasi, dada yangu. Njoo ule Idi Kubwa na sisi. Nyumba ipo, korosho zipo, watu ndiyo usiseme." Zaituni alikuwa ananisubiri tu, na moyo wangu ulikuwa umekwisha kupanda juu ya yale magunia ukakaa. Nikafungua mdomo. "Ningependa," nikasema, "ila Nalasi ni mbali mno." Zaituni alinitazama, akanyosha mikono akamchukua mwanawe taratibu. "Haya, dada," akasema. "Ni mbali." Dereva akawasha gari, nami nikalia palepale stendi, mchana kweupe.